Samli ya Mayu Nyanzala

Mikono ya mama mkwe wangu ilikuwa bado kwenye mguu wangu pumzi ilipokata. Kuhema kwa mkimbiaji nakujua; hii haikuwa hiyo. Ilikuwa kama mtu kaniwekea gunia la mpunga kifuani, kisha akalikalia. Nikafungua mdomo nimwite, sauti haikutoka.

Hapa Mwamkulu mguu ukivimba watu hawakimbilii hospitali, wanakwenda kwa mama Nyanzala, mayu kama tunavyomwita. Waswaga ng'ombe, walioteguka kwenye majaruba ya mpunga, wote kawachua kwa samli ya moto wakaondoka wanatembea. Mimi ni mkwe wake, mke wa Luhende, na nilikuwa najiandaa na mbio za mkoa. Nikishinda, naenda taifa. Kila asubuhi nakimbia mpaka Kakese na kurudi, jua linaniwakia, maji sinywi nisije nikawa mzito. Mayu ananitania, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Shavu la mguu wa kushoto lilipovimba, nikasema ni msuli. Nani angesema vinginevyo?

Kitu kimoja mayu hakukijua. Kila tukipepeta mchele aliniulizia mjukuu, nami nacheka tu, kumbe vidonge vya uzazi wa mpango nimevificha ndani ya soksi za mazoezi. Luhende alijua. Tulikubaliana mbio kwanza.

Bodaboda ikanikimbiza hospitali mjini, mayu nyuma kanikumbatia nisianguke. Nikawekewa oksijeni. Daktari, dada mmoja mpole, akauliza natumia dawa gani. Mayu kasimama palepale, viganja vinang'aa samli. Nikinyamaza naweza kufa. Nikisema, sijui nitarudi nyumba ya nani.

"Vidonge," nikasema. "Vya kuzuia mimba."

Daktari akaeleza kwamba damu iliganda mguuni, kipande kikapanda hadi kwenye mapafu. Wanawake wengi wanavimeza bila shida, alisema, ila kwa wachache vinachangia damu kuganda, na kukimbia juani bila maji kunazidisha. Kisha akasema mguu wa namna ile hauchuliwi kabisa. Kuuchua kunaweza kukisukuma kile kipande.

Jamani, nilipigwa na butwaa. Nikamgeukia mayu nikitegemea hasira ya vidonge, lakini hata hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Kwa hiyo ni mimi nimekisukuma?"

Daktari akamwambia hakuna anayeweza kujua. Mayu akakaa sakafuni, akaanza kuifuta mikono kwa kanga, na hakuacha hata samli ilipokwisha.

Mbio za mkoa nilizisikia redioni. Sasa natembea, daktari kanibadilishia njia ya uzazi wa mpango, na mayu hajaniulizia mjukuu tena.

Watu bado wanakuja. Wiki iliyopita tuliletewa binti wa jirani, Scolastica, mcheza mpira, mguu mmoja umevimba. Mayu akasogeza samli mbali. Akawatoa wote uani, hata Luhende, akanibakiza mimi. Mikono akaificha kwapani, akainama sikioni kwa yule binti.

"Mwanangu, unameza vidonge? Niambie mimi. Mama yako simwambii."