Njia Iliyopita Chumbani kwa Darlene

Jumamosi moja ya Februari Darlene Stroud alishuka chumba cha chini anachopangisha wageni kubadilisha mashuka, akakuta njia ya theluji ya kupitia baiskeli imekatiza katikati ya chumba. Iliingia mlangoni, ikapita kati ya kitanda na kabati la nguo, ikatokea kwenye dirisha la nyuma, ambako theluji ya nje ilikuwa imefika usawa wa kizingiti. Ilikuwa imeshindiliwa vizuri, kingo zimenyooka. Darlene aliijua kazi ya mkono ule. Katika mji wote wa Larkin Gap hakuna aliyesawazisha njia namna ile isipokuwa Russ Okerlund, na Russ walikuwa wamemzika kabla ya Krismasi.

Alitandika kitanda kwanza, ndipo akachukua fagio. Theluji haikufagilika, wala haikuyeyuka, ingawa hita ilikuwa inanguruma. Akiwa bado ameinama, akaingia Gordy, fundi wa duka la baiskeli, juu ya baiskeli yake, matairi manene yakikwaruza taratibu. Gordy alimsalimia, akasema leo njia imekaa vizuri, ila watu itabidi wapunguze mwendo kwenye kona ya kabati. Kisha akainamisha kichwa, akatokea dirishani. Kufika jioni, klabu ya baiskeli ilikuwa imeweka kibao mlangoni kikiwaomba waendeshaji wapite polepole, chumba kina watu.

Russ alikuwa mwendeshaji wa lifti ya kamba inayowapandisha mlimani watelezaji wa theluji. Alfajiri, kabla ya zamu, alishindilia njia zote za msituni, na hakuna aliyemlipa. Nyumba aliyopanga ilipouzwa kwa watu wa jijini wanaokuja sikukuu tu, alikwenda kwa Darlene, kofia mkononi, akauliza kama chumba cha chini kitakuwa wazi majira ya baridi. Darlene alimwambia atafikiria. Russ akasema hakuna shida. Darlene hakufikiria. Wageni wa wikiendi walikuwa wanalipa vizuri, na Russ hakuuliza tena. Alilala ndani ya gari lake kwenye maegesho ya lifti mpaka baridi ilipommaliza. Mazishi yalijaa watu. Njia kubwa ya msituni ikapewa jina lake, na Darlene alipeleka sinia la viazi vya kuoka.

Wageni waliipenda ile njia ya chumbani. Walikunywa kahawa kitandani huku baiskeli zikipita miguuni pao, wakapiga picha, wakaandika mtandaoni kwamba hawajaona chumba kama kile. Darlene alikuwa amepanga kupunguza bei kwa ajili ya usumbufu. Badala yake akaipandisha, na bado chumba kikajaa.

Russ mwenyewe alikuja alasiri moja, katikati ya wiki, Darlene akiwa anakunja taulo. Alikuwa juu ya baiskeli yake, anakokota pipa la kushindilia theluji alilolitengeneza kwa mkono wake. Ndevu zake zilikuwa na barafu.

"Kaa basi, Russ, upashe miguu joto," Darlene alisema.

"Nikisimama sana njia italainika."

Darlene aliweka taulo chini. "Chumba ni chako. Nilitakiwa kukwambia tangu siku ile. Kaa mpaka utakapochoka mwenyewe."

Russ alikiangalia chumba, dari mpaka sakafu. "Kizuri," alisema. "Hukuniambia kina dirisha upande wa msitu."

"Hukuuliza."

"Kweli, sikuuliza." Alisugua barafu ndevuni. "Mimi sasa sina haja nacho, dada. Mpe Jolene, yule anayepika shuleni. Analala garini, palepale nilipokuwa nalala mimi. Pale upepo unapita chini ya mlango, hata ufanyeje."

Darlene alisema atampa. Kisha akakumbuka wageni wa Ijumaa, na wale wa wiki inayofuata, ambao walikwisha kulipa.

"Labda Aprili," alisema. "Wageni wakipungua."

"Aprili," Russ alisema, bila kinyongo. Akakanyaga pedeli, pipa likapita juu ya zulia, akaenda zake.

Jua lilipokaribia kuzama Darlene alitoa baiskeli yake akaifuata njia mpaka maegesho ya lifti. Gari la Jolene lilikuwa mwisho kabisa, vioo vimeganda kwa ndani. Darlene aliweka mguu chini. Kabla hajagonga, mlango ukafunguliwa kidogo na Jolene akatoa kichwa, blanketi begani.

"Mama Darlene. Umepotea?"

"Hapana. Napita tu."

"Njia iko safi leo."

"Russ anajitahidi."

"Anajitahidi sana," alisema Jolene, akangoja. Darlene alirekebisha glavu zake. Hatimaye Jolene akamtakia jioni njema, akafunga mlango ili joto lisitoke.

Darlene aligeuza. Theluji ilikuwa ngumu, imesawazika chini ya matairi; hajawahi kuendesha kwenye njia nzuri kama ile. Alilia njia nzima, na machozi yakaganda kwenye skafu. Akaingia nyumbani kwa kupitia dirishani, akafuta matairi, akawatandikia kitanda wageni wa Ijumaa.