Ng'ombe wa Marieta

Herman aliuliza kwenye mkutano wa kijiji kwa nini majina ya wagombea wengine yamefutwa. Kesho yake mtendaji wa kijiji alimletea polisi, wakamweka ndani. Wazee wetu, huku juu ya ziwa Tlawi, hawakuokota jiwe. Walimtenga mtendaji na nyumba yake kama wakosaji wanavyotengwa tangu zamani: asisalimiwe, asiuziwe maziwa, asisaidiwe kazi, mpaka Herman atoke.

Shida ni kwamba mke wa mtendaji ni mdogo wangu, Marieta.

Alikuja asubuhi, mvua inanyesha, matope mpaka magotini. Ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa, na kijijini mimi ndiye huitwa kuvuta ndama.

"Shikamoo kaka. Miguu imeshatokea."

Sikuitikia.

"Huyu ni ng'ombe aliyenipa baba. Si wa mume wangu."

"Yuko kwenye zizi la nani?"

"Kwani mimi ndiye nimemfunga Herman?"

"Mwambie mumeo amvute. Si ana nguvu za kukamata watu?"

Alinitazama, kisha akashuka bondeni. Mke wangu Bernadina alisema ningeweza kupita kwa nyuma, hakuna ambaye angeniona. Nilimwambia nikienda mimi, kesho ataenda mwingine, na Herman ataozea ndani.

Ng'ombe alikufa na ndama tumboni. Mtendaji alimchuna peke yake.

Jumatatu Herman aliachiwa, na watu wakaja kunishika mkono kunipongeza. Niliwaambia waende kumpa pole Marieta. Hakuna aliyekwenda, kwa sababu wazee walikuwa hawajakaa kuiondoa adhabu. Na mimi sikwenda.