Chumvi ya Mama Upawa

Hakuna aliyemfukuza Mama Upawa jikoni. Walimpandisha cheo tu. Miaka kumi na mmoja nyuma alianza na sufuria moja ya kuazima, akiwapikia watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakisinzia darasani kwa njaa. Sasa shule nzima inakula, watoto mia saba, na shule za jirani hutuma watu kuja kuangalia anavyofanya. Mwalimu mkuu akaona mtu wa namna hiyo si wa kupuliza moto tena. Akampa chumba kilichokuwa stoo ya ramani, meza, kiti cha kuzunguka na jina jipya: msimamizi wa chakula. Kiti kilimzungusha hadi dirishani, na nje ya dirisha kulikuwa na ukuta.

Jikoni akaachiwa Twiga, msichana aliyemfundisha kwa mkono wake, mrefu kiasi kwamba wenzake walisema moshi unamaliza hasira zote kwake kabla ya kutoka. Twiga alipewa mwezi mmoja wa majaribio. Kila siku saa sita na robo mwalimu mkuu alionja chakula kabla ya kengele na kuandika kwenye daftari. Kikiharibika hata mara moja, Twiga anarudi kuosha sahani na Mama Upawa anarudi kwenye sufuria. Mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa.

Mwanzoni Mama Upawa alikuwa akishuka jikoni mara tano kwa siku. Alisikia vicheko tangu kwenye kona, lakini akitokea mlangoni, kimya. Mtu anafuta benchi.

"Karibu, bosi."

Bosi. Watu wale wale waliozoea kumwambia, "We mwanamke, sogeza mwili wako nipite." Akapunguza kwenda. Chakula chake kikawa kinaletwa ofisini, sahani imefunikwa kwa sahani, naye anakula akiutazama ukuta. Nyumbani nako mume alishatangulia mbele ya haki na binti kaolewa mbali. Mkono uliozoea magunia haukujua kupima kikombe kimoja cha mchele. Kila jioni chakula kilibaki, na hapakuwa na wa kumwambia ongeza.

Kuna kazi moja hakuwahi kumfundisha mtu. Wakati wa mapumziko ya asubuhi, wenzake wakiwa bombani wanaosha vikombe vya uji, yeye alibaki na sufuria nne za maharage. Ngumi moja na nusu ya chumvi kila sufuria, anakoroga, basi. Wenzake walirudi wakakuta chakula kimekolea. Alipohama, Twiga alihangaika siku mbili tatu mpaka akapata kipimo chake, na yeye hutia mapema, maharage yakianza tu kulainika.

Alhamisi hiyo kengele ya mapumziko ilipolia, Mama Upawa alikuwa hajasema neno na mtu tangu jana mchana. Miguu ikamshusha. Jikoni hapakuwa na mtu. Maji yalisikika bombani, na watu wakicheka. Joto la majiko lilimpokea kama ndugu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye debe la chumvi. Sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alichota kidogo kwa upawa, akaonja, na ulimi ukamwambia. Ilikuwa na chumvi tayari.

Alionja ya kwanza. Haikulika.

Alisimama hapo na ngumi imejaa. Hakuna aliyemwona. Angerudi ofisini akakaa, saa sita na robo mwalimu mkuu angetema, na Jumatatu yeye angekuwa hapa, kwenye joto hili, akiambiwa asogeze mwili wake. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

Twiga aliingia na beseni la vikombe kiunoni. "Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Onja hiyo."

Twiga alionja, uso ukakunjamana. "Mimi nilipima. Haki ya Mungu nilipima, mama."

"Ulipima vizuri, mwanangu. Mimi nimetia juu yake. Tatu hizo. Hii ya nne nzima."

Twiga alimtazama, akautazama ule mkono. Akawaita wenzake, wakamwaga mchuzi wa sufuria tatu, wakajaza maji ya moto, wakachanganya na ile ya nne. Mama Upawa alinyoosha mkono kusaidia.

"Wewe kaa, bosi," alisema mke wa bawabu, mmoja wa wapishi. "Leo umeshasaidia."

Saa sita na robo mwalimu mkuu alionja. "Mbona mchuzi mwepesi?"

Twiga alifumbua mdomo, lakini Mama Upawa akawahi. "Ni mimi, mwalimu. Niliingia watu hawapo nikatia chumvi juu ya chumvi. Huyu ndiye aliyeokoa."

Mwalimu mkuu aliandika kwa muda. Kisha akasema, kwa upole, kwamba tangu leo msimamizi asiguse sufuria, na kwamba Twiga hana haja ya kungoja kesho. Kazi ni yake.

Ijumaa mke wa bawabu alileta sahani iliyofunikwa. Juu yake palikuwa na kikaratasi kilichosokotwa.

"Twiga anasema hiyo yako utie mwenyewe."

Mama Upawa alikifungua. Chumvi, kiasi cha kijiko. Kicheko kikamtoka, kile cha zamani cha jikoni, hata mabega yakatikisika, akageuka amwone mwenzake anayecheka naye. Mlango ulikuwa umesharudishwa. Hatua zilikuwa zinaishia kule bombani.

Alizungusha kiti kikatazama ukuta, akafunua sahani, akaonja kwanza. Chumvi ilikuwa imetosha. Akakisokota kikaratasi vizuri, akakiweka kwenye droo ya meza, akala.