Kulthumu Atunga Hadithi ya Ndege

Kulthumu alikuwa akitunga hadithi mdomoni tu, huku mikono ikitandaza ndagala mchangani, kando ya ziwa pale Baraka. Wanawake waliokausha samaki pamoja naye walimpenda kwa hilo. Akianza kusema, walisahau jua.

Siku hiyo alianza hivi: "Upepo ulitoka ku ziwa, ukapiga muchikichi. Viota vyote vya bandege ba manjano vikaanguka. Bandege bakapiga kelele, bakatawanyika. Kesho yake bakarudi, kila mumoja na jani lake mu mudomo, bakashona viota vyote ku tawi moja. Sasa, kulikuwa muntu na dada yake..."

Rosette, rafiki yake mkubwa, akapasuka kicheko. "Mi najua mwisho! Bale bandugu balikosana, na batapatana."

"We umejua namna gani? Sijataja hata majina yao!"

"Bandege bamekwisha kuniambia. Kama ungetaka bakosane milele, ungeacha viota chini."

Hapo wanawake wakaanza kubishana. Mmoja alisema lazima kuna harusi, maana kushona kiota ni kujenga nyumba. Mwingine alikataa: ndege hawakurudi wawili, walirudi kundi zima, kwa hiyo ni habari ya kijiji.

Kulthumu aliacha kutandaza. Hadithi alikuwa ameitunga mwenyewe, lakini mpaka dakika hiyo hakujua anamsema nani. Mdogo wake, Mashaka, alimwoa Émilienne, binti wa Kiprotestanti wa Makobola, bila kuwaambia wazee. Tangu hapo Kulthumu hakuwahi kutia mguu kwake, hata mtoto wao alipozaliwa.

"Iko mudogo wangu Mashaka," alisema polepole.

"Sisi wote tulijua," Rosette akajibu. "Jumamosi tunaenda kumuona."

Jumamosi wawili hao wakapanda pikipiki ya kukodi, wakapita Lusenda kwenda Makobola kwa Mashaka, vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi. Émilienne alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alipowaona aliuachia mchi, ukaanguka, akaja mbio.

"Wifi! Mungu wangu, ni wewe?"

Mashaka akatoka nyuma ya nyumba, miguu imejaa tope la shamba. Akasimama mbali.

"Dada, umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kula."

Mashaka akacheka, akamsogelea, kisha kicheko kikageuka machozi, na Kulthumu naye akamlilia begani bila aibu. Majirani walisikia kelele wakadhani kuna msiba. Walipoona ni furaha, kila mmoja akarudi kwake kuchukua chakula. Uani palijaa masufuria na watoto. Mama yake Émilienne, bibi mnene mwenye sauti kubwa, alimshika Kulthumu mkono akamfundisha kucheza ngoma ya kwao, na alipokosea hatua watu walipiga makofi zaidi.

Jioni mwenye pikipiki alipiga honi mara ya tatu. Kulthumu alikuwa ameketi mkekani, mtoto wa Mashaka amelala mgongoni mwake, amefungwa kwa kitenge.

"Leo sirudi," alisema, bila kugeuza kichwa.

Rosette akarudi Baraka peke yake, akiimba njia nzima.