Kashe Ndani ya Maharage

Kila Jumamosi saa tisa, baada ya kufua, Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, huruhusu televisheni iwashwe katika chumba cha kulia, na sisi wanafunzi wa bweni tunakaa kimya kuliko tunavyokaa kwenye misa. Mwaka huu tulikuwa na filamu ya mfululizo kuhusu makarani watatu wa ofisi moja ya mjini ambao, badala ya kufanya kazi waliyoajiriwa, wanakamata wauaji. Kila sehemu inaisha vilevile. Watu wote wanaitwa ofisini, karani aliye mfupi anapanda juu ya kiti na kusema, "Mwenye kosa yumo humu ndani." Na kweli huwa yumo. Hakukosea hata siku moja. Hilo ndilo lililotuharibu.

Sisi pia tulikuwa watatu. Trésor alikuwa mfupi, kwa hiyo cheo chake kilijulikana mapema. Shekinah alikuwa na mwandiko mzuri, basi akawa mwandishi. Mimi ni Rukundo, ambaye jina langu limeandikwa mara nyingi zaidi katika daftari la adhabu kuliko katika daftari la alama. Ofisi tulikuwa nayo: sekretaria, yaani ofisi ya katibu wa shule, tulikopangiwa kazi ya mikono ya kupanga makaratasi ya zamani.

Bwana wa sekretaria alikuwa Papa Isidore, baba yake Shekinah. Alikuwa mtu wa Kashuga, aliyekimbia kijiji chake mara mbili, na mara ya pili alizika mke njiani. Shule ilimpa kazi na chumba nyuma ya ofisi, na kwa sababu ya kazi hiyo Shekinah alikuwa na kiti katika darasa la sita, miezi miwili tu kabla ya mtihani wa Serikali. Nje ya lile lango hawakuwa na mahali. Tulilijua hilo sote, kama tunavyojua mvua.

Papa Isidore alitupa meza ya miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa rundo la dosiye, yaani majalada ya wanafunzi walioacha shule.

"Bakubwa ba polisi," alitusalimu kila asubuhi, "leo munafunga nani?"

Shida ni kwamba hatukuwa na wa kumfunga. Tulipeleleza sabuni iliyopotea, ikaonekana kwenye ndoo. Trésor alianza kukonda kwa kukosa uhalifu. Ndipo mimi, kwa moyo wa ukarimu, niliamua kuwapatia marafiki zangu kesi.

Jumanne Papa Isidore alitoka kugonga kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyotundikwa uani. Ufunguo wa mtoto wa meza aliuvaa shingoni, lakini sisi tukiwa ndani alikuwa akiuacha kwenye kufuli, kwa sababu, alisema, humu muko batoto bangu tu. Wenzangu walikuwa kwenye makabati, wamenipa mgongo. Nilichukua kashe, yaani muhuri wa shule. Nikaenda stoo, nikaizamisha katika gunia langu la maharage. Kila mwanafunzi wa bweni huleta gunia lake mwanzo wa muhula, na langu nalijua kwa uzi mwekundu ambao mama yangu hushonea mdomo wake. Mpango ulikuwa kwamba Ijumaa, baada ya wenzangu kutoka jasho, ningewaongoza kwa utulivu mpaka stoo.

Jumatano risasi zililia upande wa Kashuga. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa kanisani na magodoro na mbuzi. Papa Prefe alimwambia Mama Vestine, mpishi wetu, apeleke gunia moja kwa wakimbizi. Mimi nilikuwa darasani, nikichora masharubu kwenye ramani ya Afrika.

Alhamisi asubuhi dosiye arobaini na mbili za darasa la sita zilipaswa kupigwa muhuri kwa ajili ya mtihani. Papa Isidore alifungua mtoto wa meza na kubaki ameinama. Papa Prefe hakupiga kelele. Alikaa chini, uso ukawa kama jivu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Masisi analijua: huku kwetu karatasi yenye muhuri inapitisha mtu kwenye barabara ambayo wengine wanarudishwa, na wengine hawarudi. Kashe iliyopotea si mchezo. Ni kashe iliyouzwa porini, kwa watu wa bunduki.

Nilikimbia stoo. Magunia yote yalikuwepo, isipokuwa lenye uzi mwekundu.

Niliporudi, Trésor alikuwa juu ya kiti. Walimu walisimama ukutani.

"Mwenye kosa iko humu ndani," alisema. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Mwandishi, soma: nani iko na ufunguo?"

Shekinah alikuwa akiandika orodha kwa miezi, tangu mfululizo ule ulipoanza, akiisubiri siku hii. Alisoma haraka, kama mwanafunzi mwema. "Mwenye ufunguo: mumoja. Papa..." Akaifunika orodha kwa kiganja.

"Na juma lililopita alituma barua kwao Kashuga," Trésor aliongeza, hata hakumtazama Shekinah. "Mimi mwenyewe niliiona."

"Ilikuwa ya mazishi ya shangazi," alisema Papa Isidore.

"Papa Prefe," nikasema, "ni miye njo nilichukua kashe. Nilitia mu maharage."

Papa Prefe alinitazama kwa uchovu. "Mwezi wa kumi ulisema ni weye ulikula mbuzi ya Padri, ili batu baahirishe mutihani ya hesabu. Mbuzi alirudi mwenyewe. Toka hapa, Rukundo."

"Ni kweli! Mwende mukaulize Mama Vestine!"

"Toka."

Papa Isidore alipewa mpaka saa sita aondoke shuleni. La sivyo wangeitwa watu wa usalama, na hao hawasikilizi barua za mazishi. Nilimfuata mpaka langoni. Alibeba godoro, Shekinah alibeba sufuria na begi la vitabu. Shekinah hakunitazama.

"Ni kweli, mutoto wangu? Mu maharage?"

"Ni kweli, Papa."

Alicheka kidogo, nami ningependa zaidi anipige. "Miye nakuamini. Lakini miye si Prefe."

Walishika barabara ya Sake, pamoja na wakimbizi wengine.

Jumamosi Mama Vestine alirudi kutoka kanisani na kashe mkononi. Mama mmoja wa Kashuga aliikuta akichambua mawe kwenye maharage. Nikamtazama Papa Prefe, nikingoja atume pikipiki iwarudishe.

"Mu gunia ya kwenda kwa batu ba Kashuga," alisema polepole. "Kumbe njo njia Isidore aliipitisha."

"Kesi imefungwa," alisema Trésor. Hakukuwa na furaha tena katika sauti yake.

Nilisema tena kuwa ni mimi. Nililia, nikaapa kwa jina la mama yangu na uzi wake mwekundu. Nilivyozidi kulia ndivyo mwalimu wa hesabu alivyozidi kunipongeza kwa uigizaji.

Kwa kuwa hakukuwa na katibu, kazi ya kupiga muhuri nilipewa mimi, kama adhabu. Kutoka chumba cha kulia nilisikia muziki wa filamu yetu ukianza. Nilipiga moja, mbili, kumi, arobaini na moja. Meza iliyumba, na muhuri wa mwisho ukatoka umepinda. Papa Prefe aliichukua dosiye ya arobaini na mbili, ya Shekinah, hakuifungua. Aliikunja mara mbili, akainama, akaisukuma kwenye rundo la mguu wa nne.

"Sasa rudilia ile iliyopinda," alisema.

Nikarudilia. Meza haikuyumba.