Lango la Bwana Tranter

Waanzilishi wa kitongoji cha Elmcroft, nje kidogo ya Birmingham, hawakutaka malango. Waliponunua bustani ya mitufaha iliyokuwa hapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliweka sharti kwamba kila nyumba izungukwe na ua wa mimea, na mbele ya ua uachwe upenyo ulio wazi, ili jirani asisimame nje kwa jirani kama mgeni. Mitufaha ilikatwa, tramu ikaja na reli zake barabarani, tramu ikaondoka; sharti likabaki.

Kwa miaka mingi mlinzi wa sharti hilo alikuwa Bwana Edgar Tranter, ambaye nyumba yake na yangu zinashirikiana ukuta mmoja. Kila Jumapili alipita mitaani akikagua, na lango lolote alilolikuta lilikuwa limekwisha ondolewa kabla ya chai ya alasiri. Sasa Edgar amepoteza kumbukumbu. Kila alasiri huvaa koti, hutoka kwenye upenyo wake, na kwenda kusubiri tramu katika barabara kuu ambayo siku hizi ni ya malori. Wiki iliyopita dereva mmoja alikanyaga breki, na gurudumu likagusa ncha ya kiatu chake.

Ndipo mkewe, Hilda, akaja mbele ya kamati yetu ya kitongoji kuomba lango.

"Tukimruhusu mmoja, kesho mtaa mzima utafanana na gereza," alisema mwenyekiti, Bi Rosalind Peake.

"Rosalind, mwenzio silali. Hata chooni naacha mlango wazi ili nimsikie. Njoo ukae naye wewe, halafu unihadithie habari za gereza."

"Nasema tu, Edgar mwenyewe angekataa."

"Edgar mwenyewe jana kaniita dada, kaniuliza mume wangu yuko wapi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona haya. Tulipiga kura, na ombi likapita.

Jumamosi asubuhi nilimsaidia Hilda kulitundika: lango la mbao, la kijani, komeo limefichwa chini upande wa nje. Alasiri nilijitia kukata ua wangu, macho yakiwa kwao. Edgar akatoka na koti lake, akafika langoni, akalisukuma. Halikufunguka. Akalitazama juu mpaka chini, na uso wake, ambao kwa miezi ulikuwa kama chumba kisicho na mtu, ukapata mwenyewe.

"Nani kaweka kitu hiki?"

"Mimi," Hilda alisema kutoka mlangoni.

"Mama, hapa hatuweki malango. Hukuambiwa uliponunua nyumba?"

"Sikuambiwa."

"Basi umeshaambiwa. Naomba bisibisi."

Hilda alinitazama juu ya ua. Nilitikisa kichwa kumkataza. Hakunijali, aliingia ndani, akarudi na bisibisi, akampa.

Edgar alipiga magoti mbele ya bawaba. Skrubu zilikuwa mpya na zimekaza, naye alizifungua kwa utaratibu, akizipanga moja moja kwenye nyasi. Saa ya chai ikapita. Giza likaanza kuingia. Huko chini malori yalikuwa yakivuma, na yeye hakuitaja tramu hata mara moja.

"Akimaliza je?" nilimnong'oneza Hilda.

"Akimaliza ataondoka," alisema. "Una skrubu ndefu zaidi, za kesho?"

Nilikwenda bandani kuzitafuta, huku nikiisikia bisibisi ikizunguka.