Kioo Kinachoonja Maziwa

Batulo hakuzoea kufundishwa habari za maziwa. Alikuwa ameuza maziwa ya ngamia Eastleigh kwa miaka ishirini na minane, na hata ungemwamsha usingizini ukamlambisha tone moja, angekwambia kama yamekamuliwa jana au juzi. Kwa hiyo jirani yake Idil, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, alipokuja kusema kwamba midomo yake ilivimba Jumatatu baada ya kunywa kikombe kimoja tu cha maziwa yale, Batulo alishika kiuno.

"Umekula samaki wa barabarani wewe. Maziwa yangu hayavimbishi mtu."

"Wallahi sikula samaki, Eedo," Idil akasema, akimwita shangazi kwa heshima. "Na unaujua mwili wangu na penisilini. Ile sindano ya mwaka juzi nusura inizike. Labda kuna ngamia alidungwa."

Neno hilo lilimchoma Batulo kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake. Ngamia akidungwa dawa, maziwa yake hayanywewi kwa siku kadhaa, na hakuna mfugaji asiyelijua hilo. Mitungi mitatu kati ya mitano aliyoletewa kila asubuhi ilitoka Isiolo kwa kaka yake Keynan, na miwili kwa mzee mmoja anayeitwa Bile. Keynan alikuwa ameapa mara nyingi kwamba hawezi kufanya ujinga kama huo. Batulo alimwamini, akamwita Idil mwongo, tena mbele ya wateja.

Jumamosi mjukuu wake Hibaq alifika na kisanduku chini ya kwapa. Hibaq alifanya kazi katika maabara ndogo kule Baba Dogo, nyuma ya kiwanda cha sabuni, na bibi yake alijua tu kwamba wanapiga chapa vitu visivyoonekana kwa macho. Kwa Batulo hiyo ilikuwa kazi ya kuwapumbaza watu. Idil, aliyesikia kuna kipimo, alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

"Ayeeyo, cheki hii," Hibaq akasema, akimpa bibi yake kipande cha kioo kisichozidi ukucha. "Igeuze kwa mwanga."

Batulo akakigeuza dirishani. Mstari wa kijani ukawaka juu yake, kijani safi kabisa.

"Mmepaka rangi."

"Hakuna rangi hapo, hata tone. Tunachovya muhuri wa mpira kwa wino, tunagonga kioo, basi. Ni kama muhuri wa chifu, ila mistari yake ni midogo, zaidi ya mia inaingia kwenye unywele mmoja. Ikikaa karibu hivyo, mwanga wenyewe ndio unatoa rangi."

"Unywele mmoja?" Batulo aliivuta miwani yake puani. "Huyo aliyeuchonga muhuri ana mkono wa namna gani?"

"Si mkono, Ayeeyo. Tunachonga na miale."

"Na wino?"

"Ni protini ya kunasa penisilini. Ikinasa, mistari inanenepa kidogo, na kijani kinageuka chekundu."

Inanenepa! Batulo alisahau kwamba alikuwa na hasira. Alikigeuza kile kioo tena na tena, akakipeleka mbali, akakirudisha karibu, akataka hata kukinusa, mpaka Hibaq akamwomba kwa upole akirudishe.

Hibaq akachota tone kutoka kila mtungi, akaweka kila tone kwenye kioo chake, akasubiri, akaosha. Vyote vitano vilikuwa vyekundu.

Batulo akaketi. Idil akainama akavihesabu vioo kimoja kimoja, na hilo lilimuuma Batulo kuliko matusi. Lakini alipotulia, kitu kikaanza kumwasha kichwani. Keynan akose, sawa. Na Bile naye, siku hiyohiyo, mitungi yote?

"Hiki kioo chenu," akauliza, "mlikifundisha kwa maziwa gani?"

"Ya ng'ombe. Ya pakiti."

"Ya pakiti!" Batulo aliinuka akaenda jikoni, akarudi na mtungi wa alumini uliooshwa na kufukizwa tayari kurudishwa kwa wafugaji kesho. Kila mtungi aliufanya hivyo: aliuinamisha juu ya kijinga cha mgunga mpaka ujae moshi, ndipo maziwa yadumu na yawe na ile ladha ambayo wateja wake hawakubali kuikosa. Akamimina humo maji yaliyochemshwa, akatikisa. "Pima haya."

Kioo kikageuka chekundu.

"Nani ameyadunga maji sindano?" Batulo akauliza.

Hibaq alicheka mpaka akashika meza. Moshi ulikuwa umegandamana na mistari na kuinenepesha, na huko maabara hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Idil naye alicheka, na Batulo, kichwa kimevimba kwa ushindi, akammiminia kikombe kizima cha upatanisho kutoka mtungi uliokuwa karibu.

"Nimebakisha vioo vitano vya mihuri miwili," Hibaq akasema. "Kushoto kuna wino wa kunasa dawa, kulia kuna wino usionasa kitu. Moshi utashika pande zote sawa. Dawa itaongeza wekundu wa kushoto. Nipime tena, ama tuachie hapo?"

Batulo angeweza kuachia hapo. Jina lake lilikuwa limesafishwa, na shahidi alikuwa ameshika kikombe. Lakini alitaka kuona pande mbili zikiwaka pamoja.

"Pima. Nataka kujua."

Mtungi wa kwanza, pande sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, upande wa kulia ulikuwa mwekundu hafifu, na wa kushoto mwekundu kama pilipili. Batulo akautazama mtungi wenyewe. Ulikuwa wa Keynan, na mfuniko wake ulikuwa bado wazi.

Alimdaka Idil mkono, maziwa yakamwagika kwenye gauni lake la dira.

"Usinywe!"

"Si umesema ni moshi?"

"Ni moshi. Na dawa pia." Aibu ilimpanda Batulo mpaka masikioni. "Jumatatu ulisema kweli, Idil. Mwongo nilikuwa mimi."

Alimpigia Keynan palepale, simu ikiwa kwenye spika. Keynan alizungukazunguka, akauliza hali ya watoto, halafu akakubali.

"Ni ngamia wawili tu, abaayo. Viwele vilikuwa vimevimba. Nikaona, yakichanganyika kwa mtungi mzima, nani atajua?"

Batulo alimpa Idil simu.

"Ongea naye," akamwambia. "Mwambie nani aliyanywa."